Maji ya Ruphin

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Inès, la hesabu. Aliandika kurasa nne akalikinai, akadai jingine lenye picha ya farasi. Mimi nimekulia Bubanza, ambako karatasi tupu ilitunzwa kama hati ya shamba, na siwezi kutupa daftari zima. Basi nitaandika mimi. Nikichoka nitaliacha kama alivyoliacha yeye.

Leo tumefungua kazi ya mwaka. Sisi ni wakata miti. Yadi yetu iko Clairwood, huku ugenini kwa Wazulu, nyuma ya maghala, mahali ambapo malori ya bandarini hupita mpaka vikombe vinatembea mezani. Tuko watano: dereva, mtu wa mashine ya kusaga matawi, wapandaji wawili, na mimi. Wapandaji ni Ruphin, Mkongo wa Bukavu, na Prodige, Mkongo wa sijui wapi, maana kila siku anataja mji mwingine. Mimi, Onesphore Nimbona, ni mtu wa kamba. Mpandaji anakata tawi kule juu, mimi nalishusha taratibu kwa kamba lisivunje paa la mtu.

Zamani nilikuwa napanda mwenyewe. Mwaka 2021 nilianguka kutoka kwenye mjakaranda nikavunjika nyonga. Watu wakiniuliza kwa nini sipandi tena, nasema ni nyonga. Nyonga ilishapona zamani.

Mwenye kampuni ni mjane, MaSibiya. Kila asubuhi humpa kila mtu chupa ya lita mbili za maji, yenye jina lake kwa wino mweusi, na saa sita na saa kumi hupita kuzikagua kama mwalimu wa zamu. Ukirudi na maji unasemwa mbele za watu. Angetununulia glavu mpya ningemwelewa. Lakini hapana, anahesabu maji ya wanaume wenye ndevu.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Hakuna kazi. Nimelala.

Ijumaa, 17 Januari

Morningside. Mzambarau wenye miaka themanini, na mwenye nyumba aliyehamia Novemba. Anataka kuona bahari akiwa kitandani. Nilimwuliza kama hawezi kusogeza kitanda, dereva akanikanyaga mguu.

Watu hapa wanalalamika kwamba kuna kimdudu kidogo kuliko ufuta kinachotoboa miti na kuiua. Kipo kweli, nimekiona. Lakini nimekata miti miaka minane katika mji huu na maoni yangu ni kwamba miti yake haifi kwa wadudu wala kwa uzee. Inakufa kwa majirani. Mmoja analia majani kwenye bomba la paa, mwingine analia mizizi kwenye mfereji, wa tatu anataka bahari. Mti wenyewe hauna wa kuusemea. Nami ndiye nashika kamba, kwa hiyo ninyamaze.

Ruphin ndiye aliyepanda. Kumtazama akipanda ni raha, lazima niseme. Kwanza anaegemeza helmeti yake kwenye shina na kuomba kimya. Halafu anakagua kila fundo, halafu anarudia. Tukianza, yeye hapigi kelele ovyo. Akiwa tayari kukata anaita, "Kamba!" Mimi nikiwa nimeishika vizuri najibu, "Niko!" Hapo tu ndipo anakata. Miaka mitatu tumefanya hivyo na hatujavunja hata kigae.

Jumatano, 22 Januari

Saa nne, wakati wa chai, Ruphin alinivuta nyuma ya lori.

"Papa Inès, nakuomba kitu moja. Lakini usiulize mingi."

"Kama ni cha kuuliza nitauliza."

"Larissa iko na mimba. Mwezi ya tano inakaribia kuisha."

Sikujua nimpongeze au nimpe pole. Mkewe ameshapoteza mimba mbili, zote mwezi wa saba. Ya pili tulizika mimi na yeye, kisanduku kidogo kilichoingia kwenye begi la mgongoni.

"Niliahidi Mungu," akasema. "Kila wiki, Jumatano mpaka Ijumaa, minafunga kavu. Asubuhi mpaka jua inalala, bila chakula, bila maji. Mpaka mtoto azaliwe. Larissa hajui, na asijue, atasema ni yeye ananitesa. Sasa anapika kila siku ananifungia kwa bakuli. Siwezi mwaga chakula ya bibi yangu. Na ule mama naye, na machupa yake."

"Unataka nifanye nini?"

"Ukule. Ukunywe. Wewe, Papa Inès, njaa yako haiishaka."

Akacheka, nami nikacheka. Nikala lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na ndagala, nikanywa chupa yake baada ya yangu. Saa sita MaSibiya akapita, akaona chupa ya Ruphin iko tupu, akasema vizuri.

Alhamisi, 23 Januari

Sombe, yaani kisamvu, ya mawese. Yule mwanamke anajua kupika. Lita nne za maji, nimekwenda kukojoa mara tisa, dereva ananiuliza kama nina sukari.

Ijumaa, 31 Januari

Prodige ameondoka. Amepata kazi Cape Town, ameaga kwa ujumbe wa simu, na helmeti ya kampuni amekwenda nayo.

Kazi yetu ina kanuni: mtu akiwa juu ya mti, lazima mpandaji wa pili awe chini, amevaa mkanda wake tayari, na kamba ya akiba iwe imetundikwa mtini. Aliye juu akipatwa na jambo, wa pili anamfuata. Bila hivyo hashuki. Fundo linalomshikilia hufunguliwa kwa mkono wa aliye pale juu, huwezi kulifungua ukiwa chini hata uvute mpaka kesho.

MaSibiya alinitazama. "Mpaka nipate mwingine, Onesphore, wewe ndiye wa kumfuata."

"Sawa, Mama."

Mkanda wangu uko kwenye lori, chini ya magunia ya vumbi la mbao. Nimeapa kuutoa kesho.

Jumatano, 5 Februari

Joto. Nguo zinalowa kabla hujafika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Kamba ya akiba niliitundika Jumatatu na jana. Leo Ruphin alisema inatupotezea nusu saa, nami sikubishana. Kitoweo: maharagi.

Ijumaa, 7 Februari

Ruphin ameita "Kamba!" na kukata kabla sijajibu. Tawi limetoboa paa la banda la bustani, lile wanaloweka majembe. Mwenye nyumba alikuwa ndani. Ametoka mweupe zaidi ya alivyozaliwa.

MaSibiya alikuja akaniuliza mimi, si Ruphin. Nikasema upepo. Hakukuwa na upepo. Hata nguo kwenye kamba za jirani zilikuwa zimening'inia wima. Alizitazama zile nguo, kisha akanitazama mimi, akaenda kuzungumza na mwenye nyumba.

Ruphin aliketi chini ya ukuta na kujishika kichwa. "Nilisikia umejibu," akasema. "Vraiment nilisikia."

Jumanne, 11 Februari

Mvua tena. Nimenoa minyororo.

Alhamisi, 13 Februari

Mke wangu Epiphanie ameweka chakula mezani, mimi nikasema nimeshiba. Ni mara ya tano mwezi huu, kumbe anahesabu. Mke wa mtu akihesabu, kuna jambo. Nikamweleza yote, nikidhani atasifu ucha Mungu wa Ruphin, maana yeye mwenyewe hakosi kwenye mfungo wa kanisa.

Aliacha kijiko.

"Baba Inès, yule mtu anapanda muti na njaa, na wewe unamulia chakula?"

"Nimemsaidia. Ni ahadi yake na Mungu."

"Mimi pia ninafunga. Nikifunga ninakaa kwenye mashini yangu ya kushona. Mungu hajaniambia nipande muti." Akasogeza sahani yangu pembeni. "Akianguka, utasema ulikuwa unamusaidia?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wanawake hawajui kazi ya miti. Ametoka kwenda kwa jirani na mimi nimebaki na daftari. Anayosema ni kweli, na ndiyo maana nimekasirika.

Ijumaa, 14 Februari

Bluff. Mivinje saba iliyopandwa na mtu asiyejua mchanga haushiki mizizi. Bahari upande mmoja, meli upande mwingine, na hakuna kivuli. Ruphin amekata mitatu, kisha akashuka akasema anasubiri jua lipungue. Hajawahi kusema hivyo.

MaSibiya alikuja na kukagua chupa, kisha badala ya kuondoka akakaa na mimi kwenye gogo. Tunaongea Kiingereza cha kuokoteza na Kizulu changu kibovu. Naandika maana tu.

Aliniuliza kama najua mumewe alikufaje. Sikujua. Alisema walikuwa wanakata mikalitusi huko bara, mwezi wa pili kama huu, yeye na mumewe na wanaume wawili. Mumewe alikuwa na haraka ya kumaliza mstari. Maji yalikuwa kwenye gari, hatua mia mbili. Kila akiambiwa akanywe alisema akimaliza mstari. Alianguka kabla hajaumaliza. "Chupa yake niliikuta imejaa," akasema. "Hata kifuniko hakikuwa kimefunguliwa."

Mwezi mzima nimemcheka huyu mama kwa chupa zake. Nimemwita mwalimu wa zamu mbele ya wenzangu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikasema moyoni, mwambie sasa. Nikafungua mdomo kabisa.

Naye akatangulia. "Ruphin anaonekana amechoka. Nafikiri nimpumzishe wiki mbili. Utapanda wewe."

Nikaitazama mivinje minne iliyobaki. Nyayo zangu zikaanza kuwasha, kama zinavyofanya kila nikifikiria kwenda juu. Nikasema, "Hajachoka, Mama. Ni mtu wa maneno machache tu."

Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika: niliogopa. Si kumsaliti Ruphin. Niliogopa mti.

Jumatano, 19 Februari

Tumebishana, mimi na Ruphin, kwenye lori tukirudi. Larissa anaingia mwezi wa saba mwishoni mwa wiki. Sasa ameamua wiki ijayo afunge mfungo wa Esta: siku tatu, usiku na mchana, hakuna kula wala kunywa.

"Esta alifunga vile na watu wake wakapona," akasema.

"Esta alikuwa ndani ya nyumba ya mfalme. Hakuwa na msumeno mkononi."

"Mungu haangaliaka kazi ya mutu."

"Omba ruhusa basi. Siku tatu ukae nyumbani."

"Nikikaa nyumbani Larissa ataona sikuli. Nikitoka kazini nitamwambia nimekula kwako. Usiku nitakuwa kwa maombi, narudi amelala." Alikuwa amepanga kila kitu. Macho yake yameingia ndani. "Papa Inès, ya kwanza nilifunga siku moja. Ya pili nilifunga wiki, lakini nilikuwa nakunywa maji. Uko unaelewa? Nilikuwa nakunywa."

Nilielewa. Anaamini ni yale maji ndiyo yaliyomwua mtoto. Hapo nilishindwa hata kukasirika.

Nikasema, "Nitamwambia MaSibiya."

Akanitazama, si kwa ubaya. "Sawa. Umwambie. Jumatatu utapanda wewe."

Kumbe alijua siku zote kwamba naogopa.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kwanza. Maharagi na wali. Kila kitu sawa.

Jumanne, 25 Februari

Siku ya pili. Morningside, mkalitusi mkubwa kwenye bustani iliyo mteremkoni, kazi ya siku tatu. Joto la kukausha mate. Ruphin ameongea maneno kumi kutwa nzima na midomo yake imepasuka. Saa nane niligundua shati lake ni kavu. Sote tulikuwa tunachuruzika, yeye mkavu. Nikamletea chupa yake mwenyewe, nikamwambia kunywa, hata Mungu atafumba macho. Akaisukuma kwa mkono. Nikainywa mimi.

Kesho ni siku ya mwisho. Kesho jioni atakunywa. Najiambia hivyo tangu jioni.

Alhamisi, 27 Februari

Naandika ya jana.

Tulifika saa moja na nusu. Ruphin aliegemeza helmeti kwenye shina muda mrefu kuliko kawaida, nikadhani anaomba. Sasa nadhani alikuwa anapumzika. Nilimwambia, "Shuka saa sita, tumalize kesho." Akasema, "Saa kumi na mbili jioni nakunywa, Papa Inès. Nitakunywa bahari." Akapanda. Alipanda vizuri. Ningesema alipanda polepole, lakini hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Saa nne alikuwa bado juu, hakutaka kushuka kwa chai. Nilikaa kwenye ukingo wa maua nikafungua bakuli lake. Ndizi zilizopikwa na samaki. Nikala. Nikanywa chupa yangu, kisha yake, nikaiweka tupu pamoja na nyingine ili MaSibiya aione.

Saa tano na dakika ishirini aliita, "Kamba!"

Nikajibu, "Niko!"

Hakukata. Nikaita tena, "Niko!" Msumeno ulikuwa unaunguruma taratibu, ule muungurumo wa kusubiri. Nikatazama juu. Ruphin alikuwa ameketi kwenye mkanda wake, mita kumi na tano kutoka chini, kichwa kimeinamia kifuani, mikono imelegea. Msumeno ulikuwa unaning'inia pembeni yake kwa ugwe wake na unaendelea kunguruma peke yake.

Nililiita jina lake. Dereva akaliita. Mtu wa mashine akaizima mashine, na ukawa ukimya, na ule msumeno.

Kamba ya akiba haikuwepo mtini. Mkanda wangu ulikuwa chini ya magunia. Nilitupa magunia, vumbi likaniingia machoni, nikaupata, kishikizo kimoja cha chuma kimeshika kutu na hakifungi, nikakipiga kwa nyundo. Nikafunga vile vyuma vya miguuni vinavyochoma gome. Dereva alikuwa kwenye simu na watu wa ambulensi, halafu na MaSibiya.

Nikapanda. Mita tano za kwanza nilipanda. Kwenye panda la kwanza nilitazama chini na mwili ukakataa. Nililikumbatia shina kama mtoto, uso kwenye gome, nikalia. Sikulia kwa ajili ya Ruphin. Nililia kwa sababu nilikuwa juu ya mti. Dereva alikuwa anapiga kelele kutoka chini, "Khwela, baba! Khwela!" yaani panda, na kila alipopiga kelele nilisema "ndiyo", na sikwenda. Sijui nilikaa pale muda gani. Dereva anajua. Amesema tangu Ruphin aliponyamaza mpaka nilipomfikia ni dakika ishirini na mbili, na nusu yake nilikuwa nimelikumbatia lile panda.

Nilipomfikia nilizima msumeno kwanza. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama bati la gari lililoegeshwa juani. Macho yalikuwa wazi kidogo. Nilimfunga kwenye kamba yangu, nikafungua fundo lake, nikashuka naye, kichwa chake begani kwangu. Alikuwa anapumua. Alikuwa mwepesi. Nilishangaa mwanaume wa kimo kile kuwa mwepesi namna ile.

MaSibiya alikuwa ameshafika. Alimmwagia maji ya bomba la bustani, akamvua buti, akampepea kwa kipande cha boksi na kumwita mwanangu. Halafu akageuka kutafuta chupa. Akaishika ile yenye jina la Ruphin, akaipindua.

"Alikunywa," akasema. "Onesphore, alikunywa! Basi kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama pale na maji yale tumboni.

Hospitalini daktari aliuliza kama alikuwa amekunywa maji. MaSibiya akajibu, lita mbili kabla ya saa tano, chupa nimeiona. Daktari akanitazama mimi. Larissa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na tumbo lake, akinitazama pia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Ijumaa, 28 Februari

Amekufa saa tisa alfajiri. Figo, wamesema, na joto.

Jumatatu, 3 Machi

Sikwenda kazini. Epiphanie haniulizi kitu. Angenitukana ningeshukuru.

Jumanne, 4 Machi

MaSibiya amefunga kazi mpaka mazishi. Amenipigia niende Clairwood, nikamkuta yadini peke yake, chupa zote zimepangwa mezani. Ameniuliza kama lita mbili ni chache. Amesoma kwenye simu kwamba anayepanda anahitaji tano. Amesema tangu Alhamisi halali, anajiuliza ni kosa gani alilofanya, na kwamba Prodige alipoondoka alipaswa kusimamisha kazi, ameshawaambia hivyo wakaguzi wa serikali, hajaficha. "Lakini maji," akasema, "maji nilijua nimeyafanya sawasawa. Hilo moja nilijua."

Ningeweza kuvumilia mengine yote. Hilo nilishindwa. Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia ile Jumatano nyuma ya lori mpaka ndizi na samaki. Nilimwambia na habari ya mti, kwamba nyonga haina kitu.

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikusanya chupa moja moja akaziweka kwenye kreti. Ilipofika ile ya Ruphin aliishika kidogo, akaiweka pamoja na nyingine.

"Mkewe anajua?"

"Hapana, Mama."

"Mwambie. Mkishazika tu, siku hiyohiyo. Usipomwambia wewe, Jumatatu nitakwenda mimi." Akaniambia pia kwamba nisirudi kazini mpaka aniite, na kwamba huenda asiniite.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemzika asubuhi. Mchungaji alisema Ruphin alikuwa mtu wa maombi, na watu wakaitikia amina. Mimi nilibeba jeneza upande wa miguu.

Mchana tulirudi nyumbani kwao, Albert Park, ghorofa ya tatu. Wanaume kwenye ngazi, wanawake ndani, masufuria jikoni yanafoka. Larissa alikuwa amekaa kwenye godoro na miguu ameinyoosha, imevimba. Mimba ipo. Inacheza, wanawake walisema, imecheza hata makaburini. Nilimwomba Epiphanie aniingize. Aliniingiza, akasimama nyuma yangu mlangoni, na hakuondoka.

Kabla sijasema kitu Larissa alianza yeye.

"Papa Inès, wewe ulikuwa naye kila siku. Watu wananiambia ni jua. Lakini niambie kitu moja. Siku ile alikula? Asubuhi aliondoka haraka, nikamupa tu bakuli kwa mulango. Nawaza kama alienda na njaa."

Ningeweza kusema alikula. Mwanamke mjamzito, siku ya kuzika mume. Kila mtu angenisamehe uongo huo, hata padri wangu. Nilimtazama Epiphanie na yeye akatazama sakafu.

"Hakula," nikasema. "Alikuwa amefunga. Kwa ajili ya mimba. Siku tatu hakula wala kunywa maji, na kabla ya hapo kila Jumatano mpaka Ijumaa. Hakutaka ujue."

Larissa alitazama upande wa jikoni. "Lakini bakuli ilikuwa inarudi tupu."

"Nilikula mimi."

"Ya Jumatano? Ndizi na samaki?"

"Mimi. Na maji yake nilikunywa mimi. Tangu mwezi wa kwanza."

Wanawake waliokuwa wanaimba kwa sauti ya chini wakaacha. Larissa aliutazama mkono wangu, wa kulia, muda mrefu.

"Donc ni wewe nilikuwa napikia," akasema.

Nilitaka anifukuze. Niliungoja mkono wake uoneshe mlango, nilikuwa nimeshageuza mguu mmoja.

Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akakataa kushikwa na mtu. Akaenda jikoni. Wakati wa msiba anayepakua ni majirani, mfiwa hashiki mwiko, na wote wakamwambia akae, na hakukaa. Alirudi na sahani imejaa, bugali na sombe na nyama, akaiweka juu ya magoti yangu.

"Ukule, Papa Inès. Wewe ndiye umezoea chakula yangu."

Akakaa mbele yangu kwenye godoro, mikono juu ya tumbo. Nilikula. Epiphanie alikuwa bado amesimama mlangoni. Nilikula mpaka mwisho, kisha Larissa akachukua sahani.